Treni za mezani za digitali: anza na umeme, kontrola itafuata

Mtu akishaingiwa na huu ugonjwa wa treni za mezani swali lake la kwanza huwa ni lile lile, "kontrola gani ndo kali?", na mimi wala sicheki manake nliuliza hivohivo, nkakesha siku tatu naangalia picha za ile yenye skrini na vifundo viwili, kumbe nimemshika ng'ombe mkia. Kontrola ni mdomo tu wa kutoa amri. Kinachobeba treni ni adapta iliyo nyuma yake na waya zilizo chini ya meza, na hivo viwili kwa hapa Mombasa vina mambo yake ambayo yule aliyeandika maelezo kule Ulaya hakuyafikiria: hewa ya chumvi, stima ya kupotea na kurudi, na maduka ambayo ukiulizia adapta ya volti 15 wakuletea ya 12 ama ya 19 na kukwambia "chukua ami, hii yafanya". Kwa hivo ntaanza ukutani kwenye soketi niende mpaka kwenye reli, na kontrola tutaichagua tukifika katikati, ushajua wataka nini.

Haraka haraka tu, hii digitali ni nini. Treni za zamani za analogi ukizungusha kifundo ndo volti zapanda kwenye reli, kwa hivo injini yoyote iliyo juu ya reli ile yaondoka, ukiweka mbili zaondoka zote mbili kama ndugu. Mfumo wa DCC, ndo hii digitali yenyewe, ulitengenezwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, alafu chama cha Marekani cha NMRA kikaufanya kuwa kipimo cha wote miaka ya 1990, ndo maana leo injini ya kampuni moja yasikia kontrola ya kampuni nyengine. Kwenye DCC reli iko na volti kamili wakati wote, hata treni ikiwa imesimama. Ule umeme wageuka chanya hasi, chanya hasi, maelfu ya mara kwa sekunde, na ndani ya kule kugeuka ndo ujumbe wapita: nusu ya wimbi ikikaa maikrosekunde 58 hio ni moja, ikikaa 100 ama zaidi hio ni sufuri. Ndani ya injini kuna saketi ndogo yaitwa dekoda nayo ina namba yake. Ni kama manamba pale steji, akiita "Bamburi Mtwapa, Bamburi Mtwapa" kila mtu amsikia lakini wa Likoni hata hainuki. Dekoda ikitoka kiwandani namba yake ni 3, kwa hivo ukinunua injini mbili mpya na zote zikaitikia pamoja usidhani imeharibika, zibadilishe namba tu.

Sasa kwa sababu reli iko na volti kamili saa zote, adapta yako lazima iweze kubeba kila kitu kilicho mezani kwa pamoja, na siku behewa likianguka na kupiga shoti, ampea zote ambazo adapta yaweza kutoa zapita pale kwenye gurudumu. Shika hayo mawili, mengine yote yatoka hapo.

Chukua karatasi. Usiandike uko na injini ngapi, andika ngapi zitatembea kwa wakati mmoja. Injini mpya ya OO ama HO, zile za reli ya milimita 16.5, ikivuta mabehewa yake bila taabu yala kama ampea 0.2 mpaka 0.4, yenye sauti yafika nusu ampea hivi ikipanda mlima, na zile kongwe za miaka ya 70 zenye mota kubwa zaweza kula ampea nzima peke yake. Iliyosimama huku sauti yanguruma nayo yala, weka 0.1. Watu husahau taa za mabehewa! Glopu moja ndogo ni kama ampea 0.05, mabehewa sita yenye glopu mbili mbili ushafika 0.6, zaidi ya injini inayoyavuta, na ukibadilisha ukatia LED hio hesabu yote yapotea karibu yote. Meza yangu ni plaiwudi moja nzima ya futi 8 kwa 4, mizunguko miwili na kituo. Injini tatu zatembea, nkaweka 0.5 kila moja hio 1.5, mbili zimesimama zanguruma hio 0.2, na yale mabehewa ya glopu 0.6, jumla 2.3. Nkaongeza thuluthi kwa ajili ya siku mambo yakiwa mazito, ampea 3. Basi. Hio ndo namba yangu na ndo ilonichagulia kontrola, si skrini.

Na hapa watu huenda kukosea upande wa pili, wakisikia ampea wanunua ya 8 "ili nisipate shida baadaye". Hata 5 tu: volti 15 mara ampea 5 ni wati 75. Chuma cha kusolda cha fundi wa simu ni wati 40 ama 60. Yaani behewa likianguka kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika, wewe uko jikoni watia chai, na breka ya umeme haikukata kwa haraka, una chuma cha kusolda kinachochoma gurudumu la plastiki na dekoda ya watu. Kwa meza kama yangu ampea 2 mpaka 3 zatosha kabisa, na meza ikikua ukahitaji 6 dawa yake si adapta kubwa, dawa ni kugawanya reli vipande viwili, kila kipande na busta yake, yaani kile kifaa cha kuutia nguvu umeme wa reli, na breka yake. Na usijaribu kuunganisha adapta mbili pamoja ili zisaidiane, hazisaidiani, moja yabeba mzigo wote na nyengine yakaa yatazama mpaka ile ya kwanza ife.

Volti nazo zategemea ukubwa. Treni ndogo za N, zile za reli ya milimita 9, zitake 12 hivi kwenye reli. OO na HO 14 mpaka 15. Zile kubwa za bustanini 18 kwenda juu. Ukizidisha kwa N mota zachemka, na spidi inakuwa ya ajabu, kama matatu inayokimbizana na saa ya ferry.

Kabla hujatoa pesa geuza adapta usome nyuma. Usisome bei, usisome jina. Kwanza upande wa kuingia: lazima iwe yasema 100-240V na 50/60Hz. Hapa kwetu soketi ni 240. Kuna kijana mmoja Kibokoni mjombake alimletea seti nzima kutoka Marekani, kitu kizuri wallahi, boksi hata halijafunguliwa, na ndani mlikuwa na transfoma ya 120. Akanunua ile plagi ya kubadilisha miguu, akaitia ukutani, ikalia kama nyuki dakika moja hivi alafu chumba kikanuka. Plagi ya kubadilisha miguu yabadilisha miguu tu, volti ni zile zile. Injini zilipona manake transfoma ilikufa yenyewe kabla ya kuua mwengine, bahati yake.

Alafu upande wa kutoka. Angalia kama ni DC, umeme wa moja kwa moja, ama AC, ule wa kugeuka, manake kontrola nyengine za zamani zitake AC na ukizipa DC hazielewi, na nyengine kinyume chake. Angalia ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya iko ndani ya plagi ama nje. Alafu volti. Ampea za adapta zikizidi zile kontrola inazotaka hakuna neno, kontrola itachukua inachohitaji na breka yake ndo itaamua, lakini volti zikizidi hapo ndo msiba.

Huo msiba naujua kwa jina. Nlikuwa nshajenga kontrola yangu ya DCC-EX, ntaielezea hapo chini, ni bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo cha kujipangia mwenyewe, na juu yake bodi ya kuendesha mota. Volti 14 nlitafuta mjini wiki nzima sikupata, nyumbani nna chaja ya laptopu iliyokufa, 19V, ampea 3.4, safi. Nkasema tano za ziada zitafanya nini. Sasa ile bodi ya mota nyuma yake ina kijinjia cha shaba kimeandikwa Vin Connect, na hicho chatakiwa kukatwa kwa kisu kabla ya yote, manake kisipokatwa umeme wa reli washuka moja kwa moja kwenye Arduino ambayo yenyewe yapenda 7 mpaka 12. Mimi maelezo nliyasoma, hapo nkaruka. Nkatia. Taa zikawaka, injini ikaondoka vizuri, nkamwita mama watoto aje aone. Dakika ya tano hivi simu ikaniambia waifai imekatika. Nkaweka kidole kwenye Arduino karibu na tundu la umeme nkakitoa mbio, pale pana kijitu cheusi cha miguu mitatu na kimoja kipana mgongoni, ndo regyuleta ya kushusha volti, ilikuwa imeshabadilika rangi kwa ubavuni. Ile Arduino mpaka leo ipo, yafanya kazi kwa USB tu, umeme wa tundu haikubali tena. Kwa hivo kata kile kijinjia, alafu Arduino ipe adapta yake ndogo ama waya wa USB, na reli ipe adapta yake.

Baada ya hapo nlienda na zile pawa saplai za bati za kamera za CCTV, kila duka la elektroniki mjini lazo, 12V ampea 5, na pembeni zina skrubu ndogo ya plastiki ukiizungusha na bisibisi yapanda mpaka 13 hivi. Ile bodi ya mota yenyewe yala karibu volti 2 njiani, kwa hivo kwenye reli zabaki 11. Kwa N ni sawasawa kabisa, kwa OO treni haitafika ile spidi ya mwisho lakini nani anaendesha treni ya mezani kwa spidi ya mwisho, labda watoto. Tahadhari moja kubwa: hizo saplai za bati skrubu za 240 ziko nje wazi kabisa, mkono wa mtoto waingia. Yangu nliitia kwenye boksi la plastiki la fundi wa umeme lenye matundu, waya wa ardhi nkauunga kwenye bati, na upande wa kutoka nkatia fyuzi ya ampea 3. Kama waya wa ardhi kwako ni neno geni muite fundi, si aibu.

Sasa stima kupotea. Stima ikipotea treni yasimama, hio si shida. Shida ni ikirudi, manake yarudi kwa vishindo, yaja, yaenda, yaja tena. Siku moja baada ya kurudi injini yangu iliondoka peke yake spidi yote bila mtu kugusa kitu, ikafika kwenye kona ikaruka mezani. Nkadhani ni jini. Kumbe ni CV29. CV ni viboksi vya namba vilivyo ndani ya dekoda, na ndani ya hiki cha 29 mna ruhusa ya dekoda kufanya kazi kwa analogi: ikiona umeme wa moja kwa moja usio na ujumbe yasema "ah, leo ni analogi" na kukimbia kwa volti zote zilizopo. Wakati kontrola ikianza kuamka na umeme wacheza, reli zaweza kupata umeme kama huo kwa muda mfupi na huo muda mfupi watosha. Dawa ni kuondoa hio ruhusa, yaani kutoa 4 kwenye hio namba: ukisoma CV29 ukakuta 6 andika 2, ukikuta 38, ambayo ni ya injini yenye namba ndefu, andika 34. Tangu nifanye hivo kwa injini zote sijaona jini tena.

Ukitaka kucheza hata stima ikiwa haipo betri ya 12V ya ampea-saa 7, zile za alarmu na UPS, ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Umeme wake ni msafi, na treni moja mbili zinazokula ampea moja zitaenda masaa manne bila kuichosha. Lakini betri haina breka! Adapta ikipigwa shoti yajizima, betri yatoa kila ilicho nacho mpaka waya uwake, kwa hivo fyuzi yakaa kwenye waya wa chanya palepale karibu na betri, si kule mwisho karibu na meza.

Haya, tuko katikati, kontrola.

Kama ni ya mtoto na mzunguko mmoja, ile iliyokuja na seti yatosha, usisumbuke. Hornby Select mathalan imekuja na seti nyingi za Uingereza, adapta yake ya kawaida ni ya ampea 1, na haisomi CV, yaani hio habari ya CV29 niliyotoka kuisema hutaweza hata kuangalia kuna namba gani mle ndani. Kwa hivo ni ya kuanzia, ukikolea utaiacha. Mwenye Märklin ya reli tatu aelewe kwamba yuko nchi nyengine, mfumo wao una mambo yake na magurudumu yao yapiga shoti kwenye reli mbili zetu, usichanganye.

Anayependa kushika kitu mkononi chenye vifungo vya kweli, NCE Power Cab ni kitu cha adabu sana. Adapta yake 13.8V, ampea kama 2 hivi, yasoma na kuandika CV, na maelezo yake yaeleweka. Jambo moja wajue wanaonunua ya mtumba bila kuuliza: kile cha mkononi ndo ubongo wenyewe, ukikichomoa kwenye paneli meza nzima yazimika, na ukikuza meza utaongeza busta yao ya ampea 5. Kwa wanaopenda simu na tableti kuna Z21 ya Roco, ile nyeusi yafika ampea 3 na kidogo, yaja na rauta yake, programu ya simu yake nzuri mpaka yakera. Kuna ndugu yake mweupe, z21 start, ambayo hupatikana kwa bei ya chini kwa watu wanaovunja seti, lakini waifai yake imefungwa mpaka ununue namba ya kuifungulia. Muuzaji hatakwambia. Uliza.

Na kote huko ongeza usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei, manake kitu kizito chenye transfoma chalipiwa kwa kilo.

Mimi nliishia DCC-EX na sijutii, na sababu si bei tu, sababu ni kwamba siku ikiharibika kila kipande chake nakipata ama nakitengeneza hapahapa. Arduino Mega, bodi ya mota ya R3, kijibodi cha waifai cha ESP8266, programu ni ya bure waipakia kwenye Arduino kwa laptopu na waya wa USB, alafu kwenye simu ya Android watia Engine Driver ambayo pia ni bure. Simu kongwe iliyopasuka kioo ndo kontrola yangu siku hizi, na ya mtoto ni simu nyengine kongwe, kila mtu na injini yake. Ukitaka laptopu ndo iwe kituo kikuu kuna programu ya JMRI, bure pia, na kwa kupanga CV hakuna cha kuishinda. Kasoro zake: ampea 2 kwa kila upande ndo mwisho wa ile bodi ya mota, na ukiiendesha karibu na 2 kwa muda yachemka, kwa hivo ihesabu ni moja na nusu. Mimi nliyehitaji 3 nligawanya: kituo nkakipa bodi moja na mizunguko nkaipa nyengine, na yale mabehewa ya glopu nkayatia LED, hesabu ikakaa. Na DCC-EX ikiwaka, reli hazina umeme mpaka wewe uamrishe, jambo ambalo kwa mji wa stima ya kurudi kwa vishindo ni rehema.

Kontrola yoyote utakayochukua iwe na mahali pa kupangia CV palipo mbali na reli kuu, kipande cha reli cha futi moja chatosha. Injini yenye dekoda mpya uliyoitia mwenyewe ipite hapo kwanza, manake hapo umeme umefungwa kama ampea robo tu, ukiwa umegusisha waya kimakosa dekoda haifi. Soma CV8, ikijibu namba yoyote ujue iko hai. Na jinsi inavyojibu ni kitu cha kupendeza kutazama kwa karibu: haina sauti ya kujibia kwa hivo yaitikisa mota yake kidogo, yavuta kama miliampea 60 kwa kitambo cha kufumba jicho, na kontrola yahesabu ule mvuto kuwa ni "ndio". Weka jicho kwenye gurudumu utaliona lashtuka, tik, tik, tik. Ndo maana injini isiyounganishwa mota haijibu kitu hata kama dekoda ni mpya.

Chini ya meza sasa. Waya wa spika utakuharibia kila kitu ulichofanya mpaka hapo. Chukua waya wa nyumba wa shaba, wa milimita mraba 2.5, rangi mbili tofauti, uupitishe chini ya meza kufuata njia ya reli, huo ndo waya mkuu. Hesabu yake ni hii: meza ya mita 5 umeme waenda na kurudi mita 10, kwa ampea 3 waya wa 2.5 wapoteza kama volti 0.2, wa 1.5 wapoteza 0.36, na ule mwembamba wa nusu milimita wapoteza zaidi ya volti nzima, na kupotea kwa volti si treni kwenda pole tu, ni breka kutoona shoti. Kutoka kwa waya mkuu shusha vijiwaya vyembamba vifupi, kila kipande cha reli kiwe na chake, usitegemee vile vibati vya kuunganishia reli kupitisha umeme, leo vyapitisha, baada ya miezi mitatu ya kaskazi haviko tena na wewe. Solda, usifunge kwa kuviringisha na selotepu. Rangi moja reli ya nje, rangi nyengine reli ya ndani, kote kote, hata ukiwa umechoka.

Na kontrola ya analogi itoe kabisa mezani, usiseme itakaa tu hapo. Zikikutana mbili kwenye reli moja, injini ikipita kwenye kiungo cha mizunguko ya analogi na digitali, kuna kitu kitakufa na mara nyingi ni kile cha ghali.

Chumvi. Nunua reli za nikeli silva, za chuma hapa Pwani ni kutafuta kutu, nshaona za jirani zimegeuka rangi ya chai kwa mvua moja ya masika. Kutu haionekani kama kutu, waiona kama "kontrola mbaya": treni yasita, taa zapepesa, sauti yaanza upya kila mara. Pangusa reli na isopropili ya dukani kwa kemia kwa kitambaa cha pamba, usitumie msasa manake yaacha mikwaruzo na uchafu wapata nyumba humo. Plagi ya adapta nayo ichomoe uitazame mara moja moja, ikiwa kijani ipanguse vilevile. Dekoda za akiba nazitia kwenye mkebe wa biskuti na vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu vya kunyonya maji.

Ukishamaliza yote hayo usiite watu bado. Toa injini zote mezani, washa reli, chukua sarafu ya shilingi 20 uilaze juu ya reli mbili. Kontrola lazima ikate hapohapo, taa ya hitilafu iwake. Itoe, irudi yenyewe ama uiamrishe, alafu sogea futi moja, weka tena. Zunguka meza yote hivo, kila pointi, kila kipande cha kituo, hasa ile kona ya mbali kabisa na adapta. Kwangu kona ya ukutani haikukata. Sarafu ilikaa pale, nkaigusa ikanichoma, na kontrola yaniambia kila kitu salama. Nkalala chini ya meza na tochi nkakuta kijiwaya nlichofunga kwa kuviringisha, cha siku ya kwanza kabisa, sijui nlikuwa nafikiria nini. Nkakisolda, nkarudia sarafu, ikakata.

Kitu kimoja cha kupima ambacho chanisaidia kila mwezi: mita ya bei rahisi haisomi vizuri ule umeme wa reli, yakupa namba ya karibu karibu tu, kwa hivo ampea usizipimie kwenye reli. Zipimie kati ya adapta na kontrola, pale ambapo ni DC safi, waya wa chanya uupitishe ndani ya mita kwenye tundu la ampea 10. Endesha zote tatu, washa taa, soma. Yangu yasoma 1.9 pande zote mbili zikijumlishwa, karatasi ilisema 2.3 na glopu, kwa hivo nko sawa.

Alafu andika kwa tepu nyeupe juu ya kila adapta ni ya nini na volti ngapi, kwa herufi kubwa. Adapta nyeusi zote zafanana, na mwanangu wa mwisho alishachomeka ya reli kwenye rauta ya waifai.